Mkwe Kichwa Chini

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha midomo wazi, na baadhi yenu najua mkaninunia. Fungeni midomo sasa, tuanzie palepale.

Hudson, mpiga picha, alikuwa amesimama katikati ya ua wetu pale Garsen, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Akapaza sauti mbele ya wageni wote wa harusi yangu:

"Mama mzazi wa bibi harusi! Njoo usimame hapa, ubavuni mwa mkweo!"

Aliyekuwa akitafuna nyama aliacha kutafuna. Aliyekuwa akimimina maziwa aliganda na kibuyu kimeinama, maziwa yakaendelea kumwagika, wala hapakuwa na wa kumkemea.

Shangazi Sadia, dada yake baba na mwenye amri zote za siku ile, ndiye aliyepata ulimi kwanza.

"Umesema nini, wewe mtoto wa huko Ndera?"

"Nimesema mama asimame karibu na bwana harusi. Si familia moja, shangazi?"

"Hudson, wewe ni Mpokomo, jirani yetu. Tunakunywa mto mmoja. Huko Mombasa wamekulisha nini hata ukasahau adabu za jirani?"

Hudson akajikuna kisogo. Kisha nikamwona amekumbuka, maana mkono uligota palepale kichwani.

"Lo! Nimekosa."

"Umekosa sana."

Kwa wewe uliyechelewa kuanza hadithi hii, sikiliza. Kwetu sisi Waorma, mkwe na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Jina hawatajiani. Maneno hawapeani, ila yapitie kwa mtu mwingine. Si chuki hiyo. Ni heshima, na mama yangu, Gumato, alikuwa na heshima za kugawa mitaa mitatu zikabaki.

Tangu asubuhi alikuwa ndani, akiitazama harusi ya mwanawe kwa kitundu cha mkeka. Alitoka dakika ile tu, kwa sababu aliambiwa kwamba Godana, mume wangu, ameteremka kivukoni kuonana na dereva wa lori la Malindi. Mama alitaka kuiona kamera kwa karibu, airudie nyumba yake upesi. Ndiyo kwanza ainyooshee kidole, Hudson akamwita.

Na ndiyo kwanza Hudson amwite, tukasikia fimbo ya mzee Boru ikigonga ardhi nyuma ya zizi. Mzee Boru ni ami yake Godana. Siku ile hakuachana na bwana harusi hata hatua moja.

"Wanarudi!" mtu akasema.

Mama akatazama kulia. Wazee walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Akatazama kushoto. Boma la miiba. Nyumba yake ilikuwa mbele, lakini Godana naye alikuwa akija kwa upande huohuo wa nyumba.

Palikuwa na kitu kimoja tu cha kumficha mtu katika ua ule. Kilisimama kwa miguu mitatu, kimefunikwa kitambaa cheusi.

Mama akaingia.

* * *

Ngoja niwaeleze kidogo ile kamera, kisha sitawasumbua tena. Haikuwa kama hizi za siku hizi za kutia mfukoni. Ilikuwa sanduku la mbao, mbele ina jicho la kioo, katikati ina shingo ya ngozi ya kukunjuka na kukunjamana, nyuma ina kioo kingine chenye ukungu. Mpiga picha hujifunika kitambaa kizito cheusi, kichwa na mabega, akatazama katika kile kioo cha nyuma. Kila kilicho mbele ya sanduku hukiona humo. Ila hukiona kichwa chini, miguu juu. Ndivyo ilivyoumbwa.

Sasa mmeelewa alichokifanya mama yangu. Alimkimbia mkwe wake, akaenda kuingiza kichwa mahali pekee Garsen nzima ambapo mkwe huyo angeonekana vizuri zaidi.

Godana akaingia uani. Kanzu nyeupe, kizibao cheusi, kofia aliyoazima kwa rafiki, kubwa kidogo, inakalia masikio. Mzee Boru alikuwa amemshika kiwiko. Godana akaja moja kwa moja mbele ya kamera, pale ambapo Hudson alikuwa ameweka kiti tulichoazima kwa mwenye duka, kile chenye mguu mmoja mfupi uliotiliwa kigae cha kibuyu. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake kwenye kigoda, nimeshika ua la karatasi ambalo Hudson alinipa, sijui la nini.

Wanawake wakakonyezana.

Hudson, ambaye alikuwa ameinama akininyooshea pindo la shuka, hakuona nani ameingia wapi. Akarudi kwenye kamera yake, akaunyanyua ule upande wa kitambaa ili ajifunike.

"Funika!" sauti ikamtoka mtu humo ndani.

Hudson akaruka nyuma.

"Nani ameingia nyumbani kwangu?"

"Funika, nimekwambia!"

Akafunika. Akasimama mikono kiunoni, akitazama mgongo wa mama yangu uliobaki nje, na kanga yake ya maua mekundu, na nyayo zake zilizopakwa hina.

"Shangazi Sadia," Hudson akauliza kwa upole, "kamera yangu imeota miguu mitano. Nifanyeje?"

Kicheko kikaanzia kwa wanawake kikafika kwa wazee. Mzee Boru akataka kukasirika, ndevu zikamsaliti.

Ndipo mama akasema tena, sauti imezibwa na kitambaa:

"Sadia! Wifi yangu! Kuna mtu humu!"

"Mtu gani?"

"Ananing'inia kama popo. Amevaa kanzu na haimwangukii usoni!"

Shangazi Sadia akamtazama Godana pale kwenye kiti. Akaitazama kamera. Akashika mdomo.

"Popo huyo, wifi," akasema, "ndiye mkweo."

Kitambaa kikatulia kabisa. Kisha tukasikia, polepole:

"Basi nimekwisha."

* * *

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wengine wakasema amemwona mkwe, mwiko umevunjika, achinjwe kondoo. Wengine wakasema kumwona mtu ndani ya sanduku si kumwona. Mzee Boru akagonga fimbo mpaka wakanyamaza.

"Gumato," akaiambia kamera, "ulimwona vipi?"

"Miguu juu."

"Na kichwa?"

"Chini. Kimeegemea mbingu, na mbingu imekuwa sakafu."

Mzee Boru akafikiri. Aliwahi kuamua kesi za visima na za ng'ombe waliopotea, lakini hii haikuwahi kumfikia.

"Mtu," akasema mwishowe, "ni miguu chini, kichwa juu. Ukimwona hivyo, umemwona. Ukimwona kinyume, hujamwona. Nimemaliza. Kondoo abaki zizini."

Wazee wakaitikia. Hukumu nzuri, tena rahisi kwa kondoo.

Lakini nadhani mama yangu aliipenda hukumu hiyo kupita kiasi. Maana badala ya kuomba Godana ageuziwe mgongo ili atoke, alibaki mlemle.

"Kama sijamwona," akasema, "basi acheni nisimwone kidogo zaidi."

"Wifi! Utatuaibisha!"

"Masikio yake makubwa."

"Kofia ndiyo kubwa," nikasema kwa sauti ndogo, maana bibi harusi hatakiwi kusikika.

"Mikono mizuri. Mikono ya mtu wa ng'ombe." Mama akajisogeza ndani zaidi. "Huyu kijana anacheka sana. Mbona anacheka hivi? Mdomo umemfika masikioni."

Nikamwibia jicho Godana. Alikuwa amekaa wima, akitazama vidole vya miguu yake. Niliona jasho shingoni, sikuona kicheko. Nikadhani ni haya. Mwanamume gani angekaa raha huku mama mkwe akimhesabia masikio?

"Mama," Hudson akamwambia kwa adabu, "jua linaingia mawinguni, na lori langu linavuka na feri hii inayorudi. Nikikosa, mvua itanifunga hapa. Nipe nyumba yangu nifanye kazi."

Akaomba Godana ageuke nyuma. Akageuka. Mama akatoka ndani ya kitambaa na ushungi umempanda, akaurudisha usoni, akakimbilia nyuma ya shangazi Sadia, ambaye kwa bahati njema Mungu hakumnyima mwili.

* * *

"Haya," mzee Boru akasema. "Bwana harusi na bibi harusi. Piga, uende zako."

Hapo sasa, msomaji wangu, ndipo moyo ulipoanza kunidunda.

Mnakumbuka mkasa wa filamu. Sanduku la Hudson liliingia maji kivukoni, na shangazi Sadia, kwa huruma tu, akalifungua akazianika filamu zote juani, moja moja, kama mtu anavyoanika ngozi za mbuzi. Hakujua kwamba filamu ikiliona jua, imekufa. Hudson alipozikuta alikaa chini akashika kichwa, na shangazi akamletea bakuli la maziwa akidhani ana njaa. Ilinusurika moja, iliyokuwa tayari imefungwa ndani ya kifuko chake chembamba cha mbao.

Filamu moja. Picha moja.

Na kesho yake nilikuwa ninaondoka. Godana alikuwa akidunga ng'ombe sindano za serikali, na kituo chake kilikuwa Kipini, huko mto unakoishia baharini, kwa wala samaki. Kwa lori, kisha kwa mtumbwi, kisha kwa miguu. Msichana aliyeolewa Kipini harudi kwao kila akikumbuka.

Mimi sikuitaka picha ya Godana. Godana ningekuwa naye kila siku, nimwone hadi nichoke. Nilimtaka mama.

Mama mwenyewe aliolewa mbali na kwao. Siku moja tukifukiza vibuyu vya maziwa, alinyamaza ghafla, kijinga cha moto mkononi. Akaniambia, "Sabdio, uso wa mama yangu umenitoka. Natafuta siupati. Nakumbuka mikono tu." Akaendelea kufukiza. Tangu siku hiyo mimi nikawa namtazama mama yangu kama mtu anayekariri sura ya Kurani.

"Tulia, bibi harusi," Hudson akasema. "Kidevu juu. Ua karibu na kifua."

Nikaliweka ua chini.

"Sipigwi picha bila mama."

Mngedhani nimetukana. Shangazi Sadia akafunika uso wake kwa viganja viwili.

"Bibi harusi anasema! Jamani, bibi harusi anasema! Nani amemfungua mdomo?"

"Shangazi, nasema mara hii moja. Mkinipiga bila mama, nitafumba macho. Nitatoa ulimi. Picha itakwenda mpaka Mombasa na ulimi wangu nje, waseme ndivyo wanavyooa Garsen."

Mzee Boru akamtazama Godana. "Umeoa nini?"

Godana akajibu akitazama chini, "Ndiye huyu, ami. Nilimchagua kwa macho wazi."

Hilo lilinipa nguvu, sitawaficha.

"Haiwezekani," mzee Boru akasema. "Mama wa mke na mkwe katika picha moja? Wasimame wapi? Mmoja Garsen na mwingine Tarasaa?"

Upepo wa mvua ukavuma, vumbi likatembea uani. Kule mtoni tulisikia wavuta kamba ya feri wakiitikiana, bado ng'ambo.

Ndipo nyuma ya mgongo wa shangazi Sadia mama yangu akauliza:

"Mpiga picha. Mle ndani niliona watu wote wanatazama kwangu. Kila siku huwa hivyo?"

"Ndiyo, mama. Nawaambia watazame jicho la kamera."

"Hakuna anayemtazama mwenzake?"

"Akimtazama mwenzake nampigia kelele."

"Na akitikisika?"

"Anakuwa moshi. Hasa leo, hakuna jua. Itabidi mtulie kama mawe mpaka niseme basi. Atakayegeuka atatoka kama moshi wa kuni mbichi."

Mama akavuta pumzi.

"Basi yeye akae mbele. Mimi nisimame nyuma. Nitaona kisogo. Yeye ataona sanduku. Sadia, kisogo nacho kina mwiko?"

"Sijasikia mwiko wa kisogo," shangazi akasema.

Hudson akapiga makofi kama mtoto. Mzee Boru lakini hakuwa mtu wa kushindwa haraka.

"Ngojeni. Picha itakapokuja? Si atamwona humo, kila siku, akinywa chai? Mama mkwe amemkodolea macho!"

Hilo lilikuwa kweli. Watu wakarudi kunong'ona. Nikahisi picha yangu inaniponyoka.

Shangazi Sadia akajitoa mbele, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Mzee Boru, picha itakaa ndani ya sanduku la mkewe. Siku Godana akitaka kuitazama, aigeuze kichwa chini."

"Eh?"

"Kichwa chini si kuona. Umehukumu mwenyewe sasa hivi, wazee wakaitikia, na kondoo yuko zizini anakushukuru."

Mzee Boru akashusha fimbo. Kisha akaketi mkekani, akasema apewe maziwa.

* * *

Sasa kazi ikaenda mbio.

Godana akaketi kwenye kiti, uso kwa kamera. Mimi kwenye kigoda, ubavuni mwake. Nyuma yetu wanawake wawili wakatandaza shuka hewani, wameishika pembe, ikawa pazia. Nyuma ya pazia nikasikia mama akija, nikasikia bangili zake za shaba, nikasikia harufu ya samli na moshi wa kibuyu.

Hudson akajifunika. Akatoka. Akasogeza kamera unene wa kidole. Akajifunika tena.

"Bwana harusi, kofia juu kidogo. Masikio yapumue. Hivyo. Bibi harusi, ulimi ndani."

"Uko ndani."

"Nauona."

Akalifunga lile jicho la mbele, akatia kifuko cha filamu nyuma, akachomoa kizuizi chake cha mwanga. Akasimama kando na kile kimpira cha kubana mkononi, chenye mrija mrefu unaoingia kwenye kamera.

"Nikisema sasa, pazia linaanguka. Hakuna kupepesa. Hakuna kugeuka. Bwana harusi, hasa wewe. Hata nyoka apite."

Watu wote wakamtazama Godana. Yeye ndiye aliyehofiwa. Mzee Boru aliinua fimbo, tayari kumkumbusha.

"Sasa!"

Shuka ikaanguka. Nikasikia upepo wake kisogoni. Mkono wa mama ukaja ukakaa juu ya bega langu, mzito, wa moto.

Hudson akabana.

Ua wote ulizuia pumzi. Hata ng'ombe. Nilikuwa nikilitazama lile jicho la kioo bila kupepesa, machozi yananijaa kwa upepo, nikasema moyoni, nimempata, nimempata, haniponyoki tena.

Na katika kimya kile, mahali ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kutikisika wala kujibu, mama yangu akasema.

Hakusema na mimi. Alisema na kisogo cha Godana, taratibu, kama anayemimina maji asiyamwage.

"Mwanangu hali samaki. Usimlazimishe. Mtafutie maziwa."

Mwanamke yule hakuwahi kumwambia mkwe neno, wala hangepata kumwambia maisha yake yote. Alikuwa ameona ndani ya sanduku kwamba kuna nafasi moja, nyembamba kama ufa, ambapo mkwe anasikia na hawezi kugeuka. Akaitumia kuniombea maziwa.

Godana hakugeuka. Alikaa kama gogo.

Aliyegeuka nilikuwa mimi.

"Basi!" Hudson akapiga kelele. Kisha akatupa mikono juu. "Bibi harusi! Bibi harusi, jamani!"

Nilipomaliza kugeuka neno basi lilikuwa limeshatoka, na sikuona uso. Shuka ilikuwa imeshainuliwa, na mama alikuwa anakimbia kuelekea nyumbani. Niliona kisigino kimoja chenye hina kikipotea nyuma ya mkeka wa mlangoni.

* * *

"Nimeharibu?" nikamuuliza Hudson.

Alikuwa anafunga miguu ya kamera haraka haraka, kamba mdomoni.

"Bwana harusi amekaa kama nguzo. Huyo ninaye. Wewe ni moshi, hilo nakuhakikishia."

"Na mama?"

Akaitoa kamba mdomoni.

"Sikumtazama. Nilikuwa nakutazama wewe unavyogeuka. Labda alitulia. Labda ulimziba kwa kichwa chako. Nitajua nikiisafisha filamu."

"Lini nitajua mimi?"

"Mvua ikiruhusu njia."

Kutoka mtoni wakaita. Feri imefika, lori linapanda. Shangazi Sadia akamsukumia Hudson furushi la nyama na kibuyu cha maziwa, akamwomba radhi kwa mara ya mwisho kuhusu filamu alizozianika, na Hudson akamwambia, "Shangazi, hata zilikauka vizuri." Akakimbia, kamera begani, miguu mitatu ikimpiga matakoni.

Nilibaki nimesimama na ua langu la karatasi. Picha yangu ilikuwa inavuka mto, na sikujua ndani yake kuna mama au kuna kisogo changu.

Godana akasimama kutoka kwenye kiti. Hakunitazama. Hakuitazama nyumba ya mama, kama adabu inavyotaka. Aliishika fimbo yake kwa mikono miwili mbele ya uso, akaanza kusema nayo, kwa sauti ya kufika mlangoni. Ndivyo mkwe anavyompelekea mama mkwe jibu akikosa mtu wa kumtuma.

"Fimbo," akasema, "mwambie aliyesema nyuma yangu kwamba nimemsikia. Mwanawe hatalishwa samaki."

Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Shangazi Sadia akafuta jicho.

"Mwambie pia," Godana akaendelea, "kwamba Kipini hatuendi tena."

Miguno ikakatika.

"Dereva wa lori ameniletea barua ya amri pale kivukoni. Nimehamishwa. Tunakwenda Wajir. Huko hakuna samaki. Hakuna hata mto wa kumweka samaki. Na mtu akienda, hajui lini atarudi."

Wajir! Kipini ilikuwa mbali, lakini ni mto wetu huu huu, maji yanayopita kwetu yangenifikia. Wajir ilikuwa jina tu, jina linalotajwa na watu wakisimulia kiu.

Ndipo nikakumbuka. Mama, ndani ya kitambaa cheusi, alisema kijana huyu anacheka sana, mdomo umemfika masikioni. Lakini alimwona kichwa chini. Mdomo ulioinama, ukiugeuza, ni kicheko. Godana hakuwa akicheka. Tangu alipotoka kivukoni alikuwa amebeba habari hiyo, akakaa nayo kwenye kiti, akahesabiwa masikio, asipate pa kuitua.

Na mama, pale nyuma ya mkeka, alikuwa ameshakumbuka kabla yangu.

Mkeka wa mlangoni ukatikisika. Ukasogea. Shangazi Sadia akasema, "Wifi, la," kisha akasema tena, "Wifi, la!"

Mama yangu akatoka nje. Ushungi ulikuwa mabegani, uso wazi. Hakukimbia, hakujificha nyuma ya mtu. Akapita katikati ya wageni mpaka pale kwenye kiti cha mwenye duka, huku mzee Boru akihangaika kuinuka mkekani na Godana ameshikilia fimbo yake kama mtu anayezama.

Hapakuwa na kitambaa cheusi tena. Hudson alikuwa katikati ya mto na filamu ya mwisho.

Akasimama mbele ya mkwe wake, akainua macho, akamtazama, miguu chini, kichwa juu.